Flip Wilson na Mwelekeo wa Kicheko: Maisha ya Mchekeshaji wa Televisheni, 1933–1998

Kicheko hakitoki bure, wala hakiendi bila ya mahali pa kwenda. Palipo na mchekaji pana mchekwa, na kati yao pana jambo linalowaunganisha au kuwatenga. Watu wa Tanzania, wa pwani na wa bara, wameujua ukweli huu tangu zamani kwa njia ya utani. Mtani humsema mtani wake hadharani, humnyang'anya kitu chake, na hata msibani hufanya masihara mbele ya wafiwa, wala hapana mwenye kumkasirikia. Kwa maana haki hiyo ni ya pande mbili, na achekaye leo atachekwa kesho. Utani wa upande mmoja si utani tena. Ni dharau iliyovishwa nguo ya mzaha.

Kwa kipimo hicho nakusudia kuyapima maisha na kazi ya Clerow Wilson, aliyejulikana kwa jina la Flip, mchekeshaji wa Marekani aliyekuwa mwenyeji wa kipindi cha televisheni kilichoitwa "The Flip Wilson Show" tangu mwaka 1970 hata 1974. Wengi wamemwandika kuwa ndiye mtu mweusi wa kwanza kufaulu sana katika kazi hiyo. Maneno hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Swali lenye faida kwa msomaji wa historia ni hili: alipopata nafasi ya kusimama mbele ya taifa zima, je, aliugeuza mwelekeo wa kicheko, au alikiacha kiende njia yake ya zamani?

Kicheko kabla yake

Ili kulijibu swali hili yatupasa kurudi nyuma kidogo. Tangu miaka ya 1830 palikuwapo Marekani michezo ya jukwaani ambamo wachezaji wa kizungu walijipaka nyusoni masizi ya vizibo vilivyochomwa, wakaiga usemi, mwendo na ngoma za watu weusi ili kuwachekesha wazungu wenzao. Mmoja wao, Thomas D. Rice, alipata sifa kubwa kwa kumwigiza mtu aliyeitwa Jim Crow. Na jina hilo la mchezoni ndilo lililokuja kuwa jina la sheria za ubaguzi katika majimbo ya kusini. Hapa twaona ya kwamba mzaha na sheria havikuwa mbalimbali. Aliyechekwa jukwaani usiku ndiye aliyenyimwa haki mchana.

Redio ilipoingia, desturi hiyo haikufa. Mwaka 1928 wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, walianza mchezo wa "Amos 'n' Andy", wakijifanya watu weusi kwa sauti zao. Mchezo huo ulipohamishiwa katika televisheni ya CBS mwaka 1951, waigizaji walikuwa weusi kweli, lakini mwelekeo wa kicheko ulibaki ule ule. Chama cha NAACP, ambacho kazi yake ni kutetea haki za watu weusi, kiliupinga, na mwaka 1953 mchezo ukakoma kutengenezwa.

Kulikuwa na kizuizi cha pili, nacho ni fedha. Televisheni ya Marekani huishi kwa matangazo ya biashara. Mwenye bidhaa hulipa ili bidhaa yake itajwe, na asipolipa kipindi hufa. Mwezi wa Novemba 1956 shirika la NBC lilimpa kipindi mwimbaji Nat King Cole, ambaye sauti yake ilikuwa ikipendwa na watu wa kila rangi. Waimbaji wakubwa walikuja kumsaidia, wala hapana aliyesema ya kwamba kipindi kilikuwa kibaya. Walakini hapakutokea kampuni hata moja iliyokubali kukidhamini kwa nchi nzima, kwa kuchelea hasira za wanunuzi wa kusini. Mwezi wa Desemba 1957 kipindi kikafungwa. Basi yeyote mweusi aliyetaka kuwa mwenyeji wa kipindi alijua ya kwamba ana mabwana wawili wa kuridhisha: watazamaji, na wenye mali wanaowaogopa watazamaji hao.

Utoto na ujana wake

Wilson alizaliwa tarehe 8 Desemba 1933 katika mji wa Jersey City, jimbo la New Jersey, wakati wa dhiki kuu ya uchumi iliyoikumba Marekani. Walikuwa watoto wengi, na baba yao hakuwa na kazi ya kudumu. Alipokuwa na umri wa kama miaka 7 mama yake aliondoka nyumbani, na baba hakuweza kuwatunza wote. Mtoto huyo akawa wa kupelekwa kwa mlezi huyu na mlezi yule, akitoroka mara kwa mara. Alipofika miaka 16 aliacha shule, akadanganya umri wake, akaandikwa katika jeshi la anga mwaka 1950.

Jeshi, ambalo kwa wengine ni mahali pa kunyamaza, kwake lilikuwa chuo cha kusema. Akiwa katika kisiwa cha Guam, katika bahari ya Pasifiki, aliwatolea askari wenzake hotuba ya mzaha juu ya mwenendo wa mapenzi wa kaa wapandao minazi, kaa wa jamii ile ile wanaoonekana kisiwani Chumbe karibu na Unguja. Wenzake walipomwona jinsi alivyopandwa na maneno, walisema kwa lugha yao ya mtaani ya kwamba huyu amerukwa na akili. Na katika usemi huo ndimo lilimotoka jina la Flip, ambalo hakuliacha tena.

Alipotoka jeshini mwaka 1954 alipata kazi ya kuwachukulia wageni mizigo katika hoteli ya Manor Plaza mjini San Francisco. Hoteli hiyo ilikuwa na ukumbi wa burudani. Katika nafasi iliyokuwapo baina ya mchezo na mchezo aliomba kuingia, akaigiza mlevi aliyepotea njia. Watu wakacheka, naye akajua kazi yake ni ipi.

Uanagenzi

Tusidhani ya kwamba mtu huyu alifaulu kwa kipaji peke yake. Tangu ujana wake aliisoma kazi ya kuchekesha kama fundi asomavyo ufundi. Alikichunguza kitabu cha Max Eastman juu ya asili ya kicheko, kilichotolewa mwaka 1936, kisha akajiandikia mwenyewe kanuni za kazi yake. Kwa muda mrefu alizunguka katika kumbi na majumba ya michezo yaliyokuwa ya watu weusi, ambako wasikilizaji walikuwa weusi na malipo yalikuwa madogo. Mwaka 1959 mfanyabiashara mmoja wa Miami alijitolea kumlipa dola 50 kila juma kwa muda wa mwaka, ili asihangaike na chakula bali aendelee kujifunza. Baadaye akawa mchezaji wa mara kwa mara katika jumba la Apollo la Harlem, mjini New York, mahali penye hadhira isiyomwonea haya mchezaji mbovu.

Jambo hili la hadhira lina uzito. Katika kumbi zile Wilson alikuwa mtu mweusi akiwachekesha watu weusi kwa mambo yao wenyewe: mchungaji mpenda sadaka, mke mpenda nguo, kijana mwenye majivuno. Hapo kicheko kilikuwa cha nyumbani, na kila mmoja alikuwa na haki ya kukirudisha. Shida ilikuwa mbele: kichekesho cha nyumbani kikipelekwa sokoni mbele ya wageni, je, kitabaki kichekesho kile kile?

Mlango ulifunguliwa mwaka 1965. Johnny Carson, mwenyeji wa kipindi cha usiku cha NBC, alimwuliza mchekeshaji mkongwe Redd Foxx ni nani amchekeshaye zaidi kwa wakati ule, naye akamtaja Flip Wilson. Akaitwa, akapendeza, akawa mgeni wa kawaida wa televisheni. Mwaka 1967 alitoa santuri ya vichekesho iliyoitwa "Cowboys and Colored People".

Katika kichekesho kimoja cha miaka ile alisimulia safari ya Christopher Columbus. Malkia Isabella, anayesema kama mwanamke mweusi wa mtaani, anakubali kulipia safari kwa sababu Columbus amemwambia ya kwamba asipokwenda kuivumbua Marekani hatapatikana mwimbaji Ray Charles. Kisha wenyeji wa nchi hiyo wanamwambia Columbus ya kwamba hawataki kuvumbuliwa. Msomaji na atazame jinsi mzaha huu ulivyojengwa. Haumtukani mtu. Lakini historia ifundishwayo shuleni imepinduliwa: Ulaya imetoka safarini kumtafuta mwimbaji mweusi, na mvumbuzi amefukuzwa mlangoni. Huo ndio uliokuwa ufundi wake, kugeuza mambo juu chini pasipo kupaza sauti.

Mwenyeji wa kipindi

Tarehe 17 Septemba 1970, siku ya Alhamisi, kipindi chake kilianza katika NBC. Siku ya kwanza wageni wake walikuwa mwimbaji James Brown, Mwingereza David Frost, na Big Bird, yule ndege mkubwa wa michezo ya watoto. Jukwaa lake lilikuwa la duara, na watazamaji walikaa kulizunguka pande zote. Mapambo yalikuwa machache. Kwa hiyo macho yote yalimwelekea mchezaji, naye hakuwa na pa kujificha.

Kwa miaka miwili ya kwanza kipindi hicho kilikuwa cha pili kwa wingi wa watazamaji katika nchi nzima. Mwaka 1971 kilipewa tuzo mbili za Emmy, moja ya kipindi bora cha muziki na michezo, na ya pili ya uandishi. Kampuni ambazo miaka 13 nyuma zilimkimbia Nat King Cole sasa ziligombea kutangaza bidhaa zao. Tarehe 31 Januari 1972 gazeti la "Time" liliweka picha yake jaladani, likamwita nyota mkuu wa kwanza mweusi wa televisheni.

Alitumia nafasi hiyo kwa namna tatu ambazo hazikusemwa sana wakati ule. Kwanza, aliwaingiza wasanii weusi katika nyumba ambazo pengine zisingewakaribisha: Mahalia Jackson, Aretha Franklin, Ray Charles, Lena Horne, na vijana wa Jackson 5, wakaonekana usiku mmoja na wasanii wa kizungu, wote wakiwa wageni wa mwenyeji mmoja mweusi. Pili, alikuwa na waandishi waliokuja kuwa wachekeshaji wakuu wa zama zao, miongoni mwao Richard Pryor na George Carlin. Tatu, hakukubali kuwa kibarua. Kampuni yake mwenyewe, Clerow Productions, ilikuwa na sehemu katika umiliki wa kipindi, na pamoja na wakala wake Monte Kay alikuwa ameanzisha kampuni ya santuri ya Little David. Wachekeshaji wa kale walichekesha, wakalipwa ujira, na faida ikabaki kwa mwenye jukwaa. Wilson alikuwa mwenye jukwaa.

Geraldine na Mchungaji Leroy

Watu aliowaigiza walikuwa wengi, lakini wawili ndio walioshika nyoyo za watazamaji. Wa kwanza ni Mchungaji Leroy, kiongozi wa kanisa la kubuni, mwenye maneno matamu na jicho lisilobanduka katika sahani ya sadaka. Wa pili, na mashuhuri kuliko wote, ni Geraldine Jones, mwanamke aliyeigizwa na Wilson mwenyewe kwa kuvaa nywele za bandia, gauni fupi na viatu vya visigino. Geraldine alikuwa na mchumba aitwaye Killer, ambaye hakuonekana hata mara moja lakini alitajwa daima. Alisema alilotaka, kwa yeyote, wala hakumwogopa mwanamume awaye yote.

Semi zake zilienea nchi nzima. Mmoja ulitoka katika kisa cha mke wa mchungaji anayenunua gauni baada ya gauni na kumsingizia Shetani ya kwamba ndiye aliyemlazimisha. Kisa hicho kilimpatia Wilson tuzo ya Grammy kwa santuri ya mwaka 1970. Usemi mwingine, wa kwamba ukionacho ndicho upatacho, ulivuka mipaka ya michezo: wataalamu wa kompyuta waliuchukua wakauita kwa herufi zake za mwanzo, wakiwa na maana ya programu ambayo kinachoonekana kiooni ndicho kitakachochapwa karatasini. Wengi wanaoutumia leo hawajui ya kwamba ulienezwa na mwanamke ambaye hakuwapo.

Walikuwapo waliokasirika. Baadhi ya watu weusi walisema ya kwamba mchungaji mwenye tamaa na mwanamke mwenye makelele si wageni. Ni wale wale wa "Amos 'n' Andy", wamerudi kwa mlango wa mbele. Miaka ile ilikuwa ya vita vya Vietnam, na Martin Luther King alikuwa ameuawa mwaka 1968. Waliuliza, yafaaje mtu mweusi mwenye masikio ya taifa zima asizungumze juu ya mambo hayo? Wilson kwa upande wake aliona kazi yake ni kuchekesha, si kuhubiri. Na juu ya Geraldine alidai ya kwamba ni mwanamke mwaminifu, mwenye kujiheshimu, asiyechezewa na mtu.

Hoja hizi mbili yafaa zipimwe kwa haki. Waliolaumu walikuwa na kweli katika jambo moja: mchekeshaji hawezi kuchagua sababu ya mtazamaji kucheka. Yawezekana mzungu wa Alabama alicheka kwa kumfurahia Geraldine, na mwingine alicheka kwa kuwadharau wanawake weusi wote, na vicheko hivyo viwili vikasikika sawa. Lakini tukitazama mchezo wenyewe twaona tofauti kubwa. Katika michezo ya zamani mtu mweusi alichekwa kwa kuwa alishindwa: alikosa kusema, alikosa kuelewa, alidanganywa. Geraldine hakushindwa. Mgeni maarufu alipoketi karibu naye, mgeni ndiye aliyetafuta la kusema, na Geraldine ndiye aliyekuwa na jawabu. Alipozungumza na David Frost, aliyezoea kuwahoji wakubwa wa dunia, mwenye kuhojiwa ndiye aliyeshika usukani. Mwelekeo ulikuwa umegeuka, ingawa kwa upole.

Kushuka na kustaafu

Mwezi wa Septemba 1972 shirika la CBS liliweka usiku ule ule wa Alhamisi mchezo wa "The Waltons", unaosimulia habari za jamaa ya kizungu katika milima ya Virginia wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Watazamaji walianza kuhama. Ni jambo la kutafakari ya kwamba aliyezaliwa ndani ya dhiki hiyo, akalelewa kwa kuhamishwa nyumba hadi nyumba, alishindwa na masimulizi ya upendo wa jamaa moja katika dhiki ile ile. Kipindi chake kilionyeshwa mara ya mwisho tarehe 27 Juni 1974.

Mwaka huo alionekana katika filamu ya Sidney Poitier, "Uptown Saturday Night", akiwa mhubiri. Baadaye alijirudisha nyuma kwa hiari yake. Mwaka 1979, baada ya talaka, alipewa malezi ya watoto wake, akapunguza kazi ili awe nao. Aliyetupwa utotoni alichagua kutotupa. Alirudi kuwa mwenyeji wa kipindi cha "People Are Funny" mwaka 1984, kisha akaigiza na Gladys Knight katika "Charlie & Co." mwaka 1985 hata 1986, lakini hakurudi tena katika kilele chake, wala hakuonekana kukitamani. Alifariki kwa saratani ya ini huko Malibu, jimbo la California, tarehe 25 Novemba 1998, akiwa na umri wa miaka 64.

Hukumu

Sasa turudi katika kipimo chetu cha utani. Wilson aligeuza mwelekeo wa kicheko, lakini aliugeuza kwa kiasi walichoruhusu watazamaji wake. Ushahidi ni yaliyotokea baadaye. Mwaka 1977 NBC ilimpa kipindi Richard Pryor, yule aliyekuwa mwandishi wa Wilson. Pryor aliyasema kwa ukali mambo ambayo mwenzake aliyapitia kando. Kipindi chake kilitolewa mara 4 tu. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa kicheko kitamu, si kwa kicheko kichungu. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa kwa ufa si sawa na ukuta. Mwaka 1984 NBC iliweka "The Cosby Show", mchezo wa jamaa ya watu weusi, Alhamisi, saa ile ile aliyokuwa nayo Wilson, na safari hii hapana mwenye kampuni aliyeuliza kama nchi iko tayari. Swali hilo Wilson alikuwa amekwisha kulijibu.

Kwa hiyo haifai kumsifu kana kwamba alimaliza ubaguzi, wala kumlaumu kana kwamba aliuza watu wake. Alichukua kichekesho cha nyumbani akakipeleka sokoni, na sokoni hakukiuza chote kwa bei ya wanunuzi. Jukwaa lilikuwa lake, wageni walikuwa wake, na sehemu ya faida ilikuwa yake. Kwa mtu wa kabila lililochekwa kwa miaka 140 kwa faida ya wengine, hilo si jambo dogo.

Maisha yake yana funzo pia kwa sisi tunaokusanya masimulizi, vichekesho na utani wa watu wetu. Mara nyingi twayaandika maneno tukaacha yaliyoyazunguka. Kichekesho kilichoandikwa bila ya hadhira yake hakisemi kama kilikuwa utani au dharau. Basi mkusanyaji na aandike pamoja na maneno ni nani aliyesema, ni nani aliyechekwa, kama alikuwa na ruhusa ya kujibu, na ujira ulikwenda kwa nani. Mambo manne hayo yakikosekana, tutakuwa na kicheko mkononi tusijue kilikuwa kikielekea wapi.